Asiyejitayarisha Mlimani Huwaponza Wengine

Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann, akisafiri kutoka pwani kwenda bara, aliuona mlima wa Kilimanjaro ukiwa na kilele cheupe. Mwaka uliofuata mwenzake, Johann Ludwig Krapf, akiwa katika nchi ya Wakamba, aliuona Mlima Kenya kwa mbali, nao pia ulikuwa na weupe ule ule. Habari hizo zilipofika Ulaya, baadhi ya mabingwa wa jiografia walizikataa. Walisema haiwezekani theluji ikae karibu na Ikweta, mahali ambapo jua ni kali mwaka mzima. Wenyeji wa nchi hizo hawakuwa na haja ya kubishana. Wao na baba zao walikuwa wakiutazama weupe huo kila kulipopambazuka.

Leo hakuna mtu abishaye. Lakini kosa la mabingwa wale limerudi kwa sura nyingine. Mtu wa siku hizi anajua kabisa kwamba juu ya mlima kuna theluji, kwa maana ameiona kwa macho au katika picha. Walakini huvaa, hula na kutembea kana kwamba haipo. Huondoka mjini na viatu vya mpira, suruali ya pamba na chupa moja ya maji. Baadaye habari huletwa kwamba amekwama, na watu wengine hulazimika kuamka usiku wakamtafute. Somo hili laeleza kwa nini mambo hayo hutokea, na jinsi yanavyoweza kuepukwa.

MLIMA ULIO KARIBU HUDANGANYA

Mlima Kenya una vilele vingi. Kilicho kirefu kuliko vyote ni Batian, chenye mita 5,199, yaani futi 17,057. Cha pili ni Nelion, mita 5,188. Vilele hivi viwili ni majabali matupu, wala havipandwi ila na watu waliojifunza kazi ya kamba. Cha tatu ni Lenana, mita 4,985, ambacho mtu mwenye afya aweza kukifikia kwa miguu. Majina hayo yanatokana na majina ya viongozi wakuu wa Wamasai. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Kenya huru ilipandishwa Lenana, na tangu hapo watu wengi wa nchi hii wametamani kusimama mahali pale.

Tamaa hiyo ni njema. Hatari yake inatokana na kuwa mlima upo karibu mno na barabara. Mtu aweza kutoka Nairobi asubuhi, akapita Naro Moru au Nanyuki, na jioni akalala mahali palipo juu kuliko mita 3,000. Siku ya pili hufika penye kambi za mita 4,200. Alfajiri ya siku ya tatu huwa yuko Lenana. Miguu yake yaweza kumfikisha, hasa akiwa kijana. Lakini damu na mapafu yake yameachwa nyuma, maana mwili hauwezi kuzoea mabadiliko makubwa kama hayo kwa siku mbili. Katika milima ya mbali, ambayo msafiri hutembea majuma mawili kabla ya kuifikia, mwili hupata nafasi ya kujifunza njiani. Katika Mlima Kenya nafasi hiyo haipatikani ila kwa mtu aitakaye mwenyewe kwa kutembea polepole.

ADUI WA KWANZA: BARIDI NA MAJI

Kila mtu apandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa kiasi cha digrii 6 au 7 za sentigredi. Kutoka Nairobi mpaka Lenana ni zaidi ya mita 3,000 kwenda juu. Kwa hiyo tofauti ya joto ni kama digrii 20. Siku ambayo mtu wa mjini anatembea na shati tu, juu ya mlima maji yaweza kugeuka barafu ndani ya chupa.

Hata hivyo baridi peke yake siyo inayowashinda watu wengi. Baridi ikishirikiana na maji na upepo ndipo inapokuwa na nguvu. Nguo ya pamba ikilowa hushika maji na kuunyang'anya mwili joto lake. Nguo ya sufu huendelea kutunza joto kiasi ingawa imelowa. Hii ndiyo sababu sweta kuukuu la sufu lina faida kubwa mlimani kuliko shati jipya la pamba lenye thamani.

Joto la kawaida la mwili wa mwanadamu ni kama digrii 37. Likishuka chini ya 35, mtu yumo hatarini. Kwanza hutetemeka sana. Kisha vidole hushindwa kufunga kamba za viatu, naye huanza kujikwaa na kusema maneno yasiyoeleweka vizuri. Baadaye kutetemeka hukoma. Watu wasiojua hufurahi wakidhani kwamba amepata nafuu, kumbe hiyo ni dalili kwamba mwili umeishiwa nguvu za kujipasha moto. Mtu huyo hutaka kukaa chini na kulala, na akiachwa alale peke yake katika upepo, huenda asiamke tena.

Yafaa mgonjwa huyo aondolewe kwenye upepo, avuliwe nguo zilizolowa, avikwe kavu, afunikwe mwili pamoja na kichwa, na kutengwa na ardhi kwa majani, mifuko au kamba. Akiwa ana fahamu zake na aweza kumeza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari nyingi. Asipewe pombe hata kidogo, kwa maana pombe humfanya mtu ajione ana joto huku mwili wake unazidi kupoa. Wala asisuguliwe kwa nguvu, bali ashikwe kwa upole.

ADUI WA PILI: HEWA NYEPESI

Juu ya Lenana, kila pumzi humpa mtu kidogo zaidi ya nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata Mombasa. Mwili huweza kuzoea hali hiyo, lakini huhitaji siku kadhaa. Mtu akipanda kwa haraka huumwa na kichwa, husikia kichefuchefu, hukosa hamu ya kula na usingizi. Dalili hizi zikiwa nyepesi, haimpasi kuendelea kupanda. Apumzike palepale mpaka ziishe. Zisipoisha, ashuke.

Kuna namna mbili za ugonjwa huu ambazo huua. Ya kwanza ni mapafu kujaa maji. Mgonjwa hukohoa, hutweta hata akiwa amekaa kitako, na pengine hutoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Ya pili ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huyumba kama mlevi, huchanganyikiwa na kusema maneno yasiyo na maana. Kipimo chake ni rahisi: aambiwe atembee katika mstari mmoja ulionyoka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili. Akishindwa, asingojewe mpaka asubuhi.

Dawa kubwa ya magonjwa haya mawili ni kushuka, na kushuka mara moja, hata kama ni usiku, hata kama kilele kimebaki saa moja tu. Mara nyingi mtu ambaye hakuweza kusimama hupata nafuu akishushwa mita mia chache, lakini imempasa kushushwa mpaka dalili zimwishe. Hapana budi asindikizwe; asiambiwe ashuke peke yake.

Jambo moja lishikwe sana. Ujana, misuli na ushujaa wa mchezo wa mpira si kinga ya ugonjwa huu. Mara nyingi kijana mwenye nguvu ndiye hupatwa kwanza, kwa sababu yeye ndiye huenda mbio. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka walisema kweli ambayo waganga wa leo wanaithibitisha.

WAFUNGWA WATATU WA NANYUKI

Watu wengine husema kwamba kujitayarisha ni kazi ya matajiri, wenye fedha za kununua vyombo kutoka ng'ambo. Habari moja ya Mlima Kenya yaonyesha kwamba sivyo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waitaliano wengi waliotekwa vitani walifungwa katika kambi ya Nanyuki. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa akiutazama mlima kila siku kupitia waya wa kambi. Yeye pamoja na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walikusudia kuupanda. Hawakuwa na ramani ya kuwafaa. Walitazama picha ya mlima iliyokuwa katika karatasi ya kopo la nyama. Hawakuwa na shoka za barafu wala vyuma vya kufunga chini ya viatu. Wakavitengeneza kwa siri kutokana na vyuma chakavu. Kwa miezi mingi walijinyima chakula wakaweka akiba. Mnamo Januari 1943 walitoroka.

Barsotti hakuwa na afya nzuri, akabaki katika kituo cha chini. Wawili waliobaki walijaribu Batian. Theluji na dhoruba zikawazuia, wakakubali kushindwa na kurudi. Baadaye, mwezi wa Februari, walifika Lenana wakaacha bendera yao. Kisha, njaa ikiwa imewadhoofisha sana, walishuka wakarudi kambini wenyewe, baada ya siku 18. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, na walitumikia 7 tu, kwa kuwa mkuu wa kambi aliustahi ushujaa wao.

Habari hiyo si ya kuigwa. Chakula hakikuwatosha, na wangaliweza kufa. Lakini watu hao maskini wa vyombo walikuwa na mambo matatu ambayo wasafiri wengi wenye viatu vya thamani hawana. Walifikiri muda mrefu kabla ya kwenda. Hawakumlazimisha mgonjwa kupanda. Tena walikubali kurudi walipoona njia imefungwa. Kujitayarisha, basi, ni kazi ya akili kabla ya kuwa kazi ya mfuko.

BEI YA KUMWOKOA MTU MMOJA

Mnamo Septemba 1970 waganga wawili kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wakipanda Batian. Hawakuwa wageni wa milima. Walikuwa wapandaji hodari wenye vyombo vizuri. Karibu na kilele jiwe lilibanduka, Judmaier akaanguka na mguu wake ukavunjika vibaya. Mwenzake alimfunga jeraha, akamwacha mahali penye nafuu, akashuka kuomba msaada.

Wapandaji waliokuwa Kenya walikwenda wakamfikia, wakashindana na majabali, baridi na theluji siku baada ya siku. Mwishowe kikosi cha watu wa milima kililetwa kwa ndege kutoka Innsbruck, nao wakasaidia kumteremsha. Judmaier aliishi, ingawa alikaa juu ya jabali zaidi ya juma moja. Lakini katika kazi hiyo helikopta iliyokuwa ikisaidia ilianguka mlimani, na rubani wake, Mmarekani Jim Hastings, akafa.

Hakuna wa kumlaumu Judmaier. Jiwe huweza kumtoka hata fundi mkononi. Lakini yafaa kila mtu apime jambo hili: ikiwa kumwokoa mtu aliyejitayarisha kulimgharimu mwingine maisha, itakuwaje kwa yule anayekwama kwa sababu hakutaka kubeba koti la mvua?

Watu wengi hudhani kwamba kuokolewa ni jambo la kupiga simu tu, ndege ije. Sivyo. Betri ya simu hufa upesi katika baridi, na mabonde mengi ya mlima hayapati mawasiliano. Helikopta hupoteza nguvu katika hewa nyepesi, na mawingu ambayo hupanda karibu kila alasiri huifungia njia. Kwa hiyo mara nyingi kazi hurudi kwenye miguu na mabega ya watu. Machela moja huhitaji watu sita au wanane wa kuibeba kwa wakati mmoja, na wengine kama hao wa kuwapokea wachokapo. Watu hao hutembea juu ya mawe yenye barafu, gizani, wakimchukua mtu wasiyemjua. Wengi wao ni askari wa hifadhi, viongozi na wapagazi wa vijiji vya karibu, wenye wake na watoto wanaowangoja.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA SAFARI

1. Kuchagua majira. Mvua za masika kwa kawaida huanza Machi hata Mei, na za vuli huanza Oktoba hata Desemba. Miezi ya Januari na Februari ni mizuri zaidi, kisha Julai hata Septemba. Hata hivyo theluji huweza kuanguka mwezi wowote.

2. Kutenga siku za kutosha. Mtu akipita mita 3,000, inafaa mahali pa kulala usiku mmoja pasizidi pa usiku uliotangulia kwa zaidi ya mita 500 au karibu ya hapo, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku nzima. Aliye na siku mbili tu za mapumziko achague kilima kidogo, kwa maana mlima hauhami. Atakapopata siku tano au sita ataukuta palepale.

3. Kwenda na kiongozi aijuaye njia, na kuandikisha majina langoni. Ni wajibu pia kumwachia mtu wa nyumbani habari ya njia itakayopitwa na siku ya kurudi. Mtu ambaye hakuna ajuaye aliko hawezi kutafutwa upesi.

4. Kuchukua nguo za sufu, koti na suruali zisizopitisha maji, kofia ya kufunika masikio, glavu, soksi za akiba, buti zilizokwisha kuvaliwa zikazoea mguu, na miwani ya jua, kwa maana mwanga wa theluji hudhuru macho. Nguo kavu za kulalia zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki wala zisiguswe mchana.

5. Kuchukua tochi na betri za akiba, filimbi, kiberiti kilichofungwa kisilowe, na karatasi kubwa ya plastiki ya kujikinga.

6. Kuchukua chakula kinacholiwa bila shida, kama vile njugu, tende, biskuti na sukari guru. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kule juu, na kwa hiyo maharagwe hayaivi hata yakikaa motoni mchana kutwa.

7. Kuweka saa ya kurudi kabla ya kuondoka. Ikifika, kundi zima hugeuka, hata kama kilele kinaonekana. Karibu na Ikweta giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni.

8. Kumwangalia mpagazi. Yeye hubeba mizigo ya wengine, na mara nyingine ndiye mwenye nguo hafifu kuliko wote. Wapagazi wamekufa kwa baridi katika milima ya Afrika ya Mashariki. Aajiriye mtu aone kwanza kwamba ana koti, viatu, blanketi na mahali pa kulala, maana mpagazi naye ni mwili na damu.

MTU AKIPOTEA AU AKIUMIA

Mtu aliyepotea katika ukungu asikimbie huku na huko, wala asifuate mto akidhani utamfikisha nyumbani. Mito ya mlimani huingia katika mabonde yenye maporomoko, na chini yake kuna misitu ya mianzi yenye nyati na tembo. Ni heri akae mahali pamoja palipo na kinga ya upepo, avae nguo zake zote, aketi juu ya mzigo wake, ale kidogo kidogo na kupiga filimbi. Ishara ijulikanayo na watu wa milima ni milio sita katika dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, halafu sita tena. Anayejibu hutoa milio mitatu. Usiku ishara hiyo hufanywa kwa mwanga wa tochi.

Kundi lisigawanyike. Ikiwa ni lazima kwenda kutaka msaada, waende wawili, wakichukua karatasi iliyoandikwa mahali alipo mgonjwa, saa alipoumia, hali yake, na hesabu ya watu waliobaki naye. Maneno ya mdomo hubadilika njiani, lakini maandishi hubaki kama yalivyo.

Aliyerudi nyuma kwa hiari yake mita mia mbili chini ya kilele hana aibu yoyote. Amerudi kwa miguu yake, amewaacha wapagazi walale usingizi wao, na mwakani aweza kupanda tena. Huyo ameujua mlima kuliko yule aliyefika juu na kuteremshwa kwa machela.

MASWALI YA KUJADILIANA SHULENI NA BARAZANI

1. Kwa nini ukaribu wa barabara huuzidishia Mlima Kenya hatari?
2. Mgonjwa wa baridi akiacha kutetemeka, je, amepona? Toa sababu.
3. Ni dalili zipi zinazolazimisha mtu kushushwa bila kungoja asubuhi?
4. Wafungwa wa Nanyuki walikosa vitu gani, nao walikuwa na nini badala yake?
5. Kijana wa kijijini mwako ataka kwenda Lenana na kurudi kwa siku mbili. Utamshauri nini, na utamweleza nini juu ya watu watakaomtafuta akikwama?